Mrisho Lori na Honi Iliyowekwa Mezani

Wasikilizaji wapendwa, kama una mboga unachambua, chambua. Kama una nguo unapiga pasi, piga. Sikio tu ndilo tunaloliomba. Leo tunamkumbuka Mrisho Abdulmajid, msambaza mikate, mkazi wa Magomeni. Amefariki Jumanne asubuhi pale Msimbazi, Kariakoo, akiwa juu ya baiskeli yake.

Wengi wenu jina hilo hamlijui. Tukisema Mrisho Lori, mtamjua.

Ndiyo, huyo huyo. Yule wa sanduku kubwa la mikate nyuma na honi ya lori mbele.

Haya tutakayowasimulia tumeyapata kwa mkewe, Waridi. Tulimkuta chumbani, yuko eda, kanga nyeupe kichwani. Hakulia. Alikuwa anakunjakunja pindo la kanga na kulikunjua. Alisema, "Andikeni vizuri, maana wapo watakaosikiliza huku wanajijua."

Basi tunaanza na honi yenyewe.

Msambaza mikate akishapakia, sanduku linampita kichwa. Hawezi kugeuka nyuma. Yeye hawaoni wa nyuma, na wa nyuma hawamwoni yeye. Mrisho alianza na kengele ya kawaida, kama wenzake wote. Siku moja bajaji ikamsukuma mtaroni. Mikate ikaelea kama bata. Akarudi nyumbani ameloa mpaka kwenye kope, akamwambia Waridi, "Mke wangu, mji huu asiye na sauti hana njia."

Akaenda Gerezani kwenye vyuma chakavu. Akarudi na honi ya lori bovu na betri ya pikipiki. Waridi ndiye aliyemshikia nyaya uani. Ilipolia mara ya kwanza, kuku walipanda ukuta, na jirani yao Bi Badria akatoka bafuni na povu la sabuni kichwani. "Lori limeingilia wapi?"

"Hamna lori, jirani. Mume wangu huyo."

"Basi mwambie mumeo asituue kabla ya siku zetu!"

Kariakoo nako ikawa hivyo hivyo. Mama mmoja wa nyanya aliruka pembeni, alipogeuka akaona baiskeli. "We baba, umenitoa roho! Nikajua lori, kumbe mkate!" Mrisho akampa mkate. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mrisho Lori.

Wasambazaji wenzake wakaitamani. Wa kwanza alikuwa Ismail. Sikilizeni vizuri jina hilo. Ismail na Mrisho walisoma chuo kimoja cha Kurani, kwa mwalimu mmoja, wakachapwa fimbo moja. Ismail akila kwa Mrisho hakaribishwi, anafunua sufuria mwenyewe. Mrisho akamfungia honi pale pale uani, na Waridi akashika nyaya tena. Wakafuata wengine. Baada ya muda Msimbazi nzima ikawa inalia malori, na malori yenyewe hayapo.

Tuseme kweli, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa kero. Marehemu tunampenda, lakini ilikuwa kero. Kuna mzee wa duka la vitambaa, Mzee Indravadan. Anaishi juu ya duka lake na mkewe, Mama Nayna. Mama huyo ni mgonjwa wa moyo. Kila honi ilipolia, mkono wake ulikwenda kifuani. Mzee akavumilia, akavumilia, mwisho akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Euphrasia. Kikao kikaitwa.

Kabla ya kikao wasambazaji wakakutana kijiweni, kwenye kahawa. Mrisho akawaambia, "Tukisimama mmoja mmoja tutanyang'anywa. Tukisimama wote tutasikilizwa. Tuombe honi zilie barabara kubwa tu. Kwa mgonjwa tunashuka, tunakokota."

Wote wakakubali. Na aliyesema neno la mwisho ni Ismail. "Tusome Fatiha."

Wakanyanyua mikono wakasoma. Wakapaka nyuso. Ninyi mnaotusikiliza mnajua, watu wa pwani jambo wakilisomea Fatiha halihitaji karatasi wala shahidi. Mrisho alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Waridi alikwenda kwenye kikao. Alisimama nyuma na kina mama wengine, naye ana tabia ya kuangalia kuliko kusema. Jambo la kwanza aliloliona ni baiskeli za wasambazaji zilizopangwa nje. Ya Mrisho ilikuwa na honi. Ya Ismail, kama za wengine, ilikuwa na kengele. Mahali pa honi palikuwa na gunia lililofungwa vizuri, kama kidonda.

Akaingiwa na shaka. Lakini akajiambia, labda wamezifunika kwa heshima ya kikao.

Mzee Indravadan akasema kwanza. Hakugomba. "Sitaki mtu anyang'anywe riziki. Nataka mke wangu alale."

Mrisho akasimama. "Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama Mwenyekiti. Tumekosa, na tuna ombi." Akaeleza yote waliyokubaliana.

Mama Euphrasia akasikiliza, kisha akasema maneno ambayo Waridi anayakumbuka yote. "Kama hizi honi ni za watu wengi, ni nyenzo ya kazi, tutapanga utaratibu. Kama ni ya mtu mmoja, mtu huyo aiondoe, tumalize. Haya, nani mwingine ana honi?"

Hakuna mkono ulionyanyuka.

"Nauliza tena. Nani mwingine?"

Mmoja akaangalia ndala zake. Mwingine akapokea simu ambayo haikuita. Mrisho akageuka, akamtazama Ismail. Hapo ndipo Ismail aliposimama, na Waridi akashusha pumzi.

Ismail akasema, "Mama, sisi wengine tunatumia kengele. Honi ni mambo ya Mrisho mwenyewe. Hata jina lake mtaani ni Lori."

Watu wakacheka. Wasikilizaji wapendwa, watu walicheka.

Mrisho angeweza kunyoosha kidole nje. Angesema, fungueni yale magunia. Hakusema. Alitoka, akafungua honi kwa mikono yake, akarudi akaiweka mezani. "Mimi Mrisho sitaipiga tena. Nimeahidi mbele yenu."

Njiani Waridi hakuvumilia. "Kwa nini hukuwataja?"

"Tulisoma Fatiha kwamba tutasimama pamoja. Wao wameivunja. Na mimi niivunje?"

Wiki haikwisha, honi zikaanza kulia tena. Kwanza kwa mbali, upande wa Jangwani, kisha Msimbazi yenyewe. Asubuhi moja Waridi alikuwa anakoroga uji, akasikia honi inapita barabarani. Aliijua. Nyaya zake alizishika mwenyewe.

"Hiyo si ya Ismail?"

"Ndiyo," Mrisho akasema, akaendelea kufunga kamba za sanduku.

"Basi na wewe weka. Nani atakusema?"

"Niliahidi mbele ya watu, Waridi."

Akaenda na kengele. Kengele, Kariakoo! Ni sawa na kunong'ona harusini. Alianza kurudi amechubuka, leo kiwiko, kesho goti. Kahawa akawa anakunywa nyumbani, kijiweni haendi. Ismail alimfuata mara moja tu, akasimama mlangoni kama mgeni, sufuria hakufunua.

"Kaka, usinifikirie vibaya. Pale ningesema nini? Nina familia."

Mrisho akamjibu, "Kwani mimi nimezaa paka?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yao.

Jumanne ile, gari la mizigo lilikuwa linaingia Msimbazi kushusha vitambaa. Mrisho alikuwa kushoto kwake, na kengele yake. Ismail alikuwa kulia, na honi yake. Dereva aliyasema mwenyewe, msibani, kichwa chini, mbele ya wazee. "Nilisikia lori limenibana kulia. Nikakwepa kushoto. Kushoto sikusikia kitu."

Tunarudia, ili kila mtu aelewe. Dereva alisikia lori, na lori halikuwepo. Alichosikia ni honi ya baiskeli ya Ismail, ile aliyoifunga Mrisho. Akaikimbia sauti ile, akamgonga mwenye kengele.

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun.

Siku ya maziko wasambazaji walikuja Magomeni na baiskeli zao zote, na honi zao zote, hakuna gunia. Mzee Indravadan alikuwepo pia, amekaa kwenye mkeka na wanaume wengine. Alisema, "Niliomba mapatano. Sikuomba mtu awe bubu. Na ni yeye peke yake aliyekuwa anashuka na kukokota mbele ya nyumba yangu, hata baada ya kubaki na kengele."

Jeneza lilipotoka, wasambazaji wakapiga honi kumuaga. Zote kwa pamoja. Watoto wakaziba masikio. Chumbani, Waridi akasikia moja kati ya hizo, akaitambua. Mama mkwe akamshika mkono, "Kaa, mwanangu." Hakukaa. Alisogea dirishani, pazia limeshushwa, akaita kwa sauti ambayo haikuwa kubwa.

"Ismail."

Honi zikakatika moja moja.

"Naam, shemeji."

"Siku ya kikao sauti hiyo ilikuwa wapi?"

Jeneza lilikuwa limesimama begani mwa watu. Mwisho Ismail akasema kwa shida, "Shemeji, turuhusu. Twende tukamsomee Fatiha."

"Msomeeni," Waridi akasema. "Lakini ile ya kwanza mliyosoma naye mnajua mlikoiacha."

Wakaenda, wakazika. Jioni Ismail alirudi peke yake. Alifungua honi yake, akaiweka barazani, akaondoka bila kubisha hodi. Mpaka tunakwenda kwa Waridi ilikuwa pale pale, imenyeshewa. Wa nyumbani wanaipita. Waridi hajataka iingizwe ndani, na hajataka itupwe. Tulimuuliza kwa nini. Alisema, "Ikae. Anayepita aione."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Waridi, kwa mama mzazi wa marehemu, na kwa wote wa nyumba ile ya Magomeni, tunasema poleni sana. Mungu amlaze Mrisho mahali pema. Nasi tuliobaki tujiangalie. Pengine leo jioni kuna mtu mmekubaliana naye jambo, kesho atasimama mbele ya watu, ageuke akutafute kwa macho. Atakukuta wapi? Na wewe mwenye honi kubwa barabarani, kumbuka pembeni yako yupo mwenye kengele.

Tulitaka kufunga kipindi kwa mlio wa ile honi ya Mrisho iliyompa jina la Lori. Waridi alikataa. Akainama chini ya kitanda, akatoa kengele ya baiskeli iliyobonyea upande mmoja, akatukabidhi. Ndiyo tuliyonayo hapa studio.

Tutaipiga mara moja. Ni ndogo. Tafadhali, punguzeni kelele hapo mlipo.