Mke wa Fundi Bati

Mshonaji alimwuliza mzee aliyekaa naye kwenye basi mbona anajikunyata kila kengele ikilia.

"Masikio, mwanangu," akasema mzee, fundi bati mstaafu. "Yanavuma mchana kutwa, na kijiko kikigonga sahani nasikia nyundo. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo huku anaimba. Sasa ameacha, ananihurumia. Nimemkosa, naye yumo ndani."

"Basi mwambie aimbe, baba."

"Nilimwambia. Akaimba, nikakunja uso kabla sijajizuia. Akaona, akanyamaza."

Mshonaji hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Siku nyingine mpe mgongo."

"Halafu nitamtazamaje akiimba?"

Basi likasimama kwenye kituo cha mzee, na mshonaji akampisha ashuke.