Siku Mtani Alipokuja Kunililia

Wapendwa, nawasalimu. Wazee wangu, mwangaluka, na shikamooni wote mnaostahili. Mchungaji ameniomba nisimame hapa mara tatu, na mara zote tatu nilitokea mlango wa nyuma. Leo kakaa yeye mlangoni, basi nimekosa pa kupita.

Wengi mnanifahamu. Ni fundi baiskeli hapa Kanyenye, na si mtu wa maneno. Msitegemee nilie mbele yenu. Nitasema kama ilivyokuwa, kisha nitakaa.

Ilianza kwa kuhema. Najaza upepo tairi moja, nakaa chini kupumzika. Nikasema ni umri. Nikasema ni vumbi la kiangazi. Mtu mmoja akaniambia hiyo pumu, nikameza dawa za pumu, na zile dawa hazikuwa na habari na mimi. Halafu siku moja nimeinamia gurudumu la mteja, nikaja kuzinduka niko ndani ya bajaji, kichwa changu kimelala mapajani kwa mke wangu, naye anamwambia dereva aongeze mwendo.

Hospitali wakanipaka mafuta ya baridi kifuani, wakautazama moyo kwenye skrini. Daktari akasema misuli ya moyo wangu imekuwa minene kupita kiasi mpaka inabana njia ya damu. Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuanguka akafa ghafla. Nikamwambia yupo, kaka yangu mkubwa. Alianguka kwenye shamba la tumbaku kule Igalula, jembe mkononi, mtu ambaye hata mafua hakuyajua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, msiba ule hatukutafuta daktari. Tulimtafuta mchawi. Tukampata jirani yake, mzee wa watu, na tangu siku ile hatukumsalimia tena. Kumbe mzee hakufanya lolote. Ni damu yetu wenyewe.

Nikapelekwa Dar es Salaam nikapasuliwa. Walifungua mfupa wa kifua, wakausimamisha moyo, mashine ikashika kazi yake, wakapunguza nyama iliyozidi, wakanifunga kwa waya. Mimi sina cha kusimulia hapo, nilikuwa nimelala. Siku ya kuruhusiwa, daktari akanipa masharti. Nisinyanyue kitu kizito miezi mitatu. Nikikohoa nikumbatie mto. Na mtoto wangu apimwe moyo haraka, kwa sababu ugonjwa huu watu hurithiana.

Nina mtoto mmoja tu, binti, yuko kidato cha pili. Mnamjua. Ndiye yule wa netiboli.

Mliponipokea nyumbani mliimba. Mlileta kuku, mkaleta mchele, kina mama wakapiga vigelegele mpaka barabarani. Naomba mnisamehe kwa hili nitakalosema. Sikusikia kitu. Niliona midomo yenu inafunguka, nikajua hapa mtu anatakiwa afurahi, nikaitafuta hiyo furaha kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Haikuwepo. Mkasema, Mungu ni mwema, nikaitika, kila wakati. Niliitika kwa sababu najua kuitika.

Ngozi ya kifua pembeni ya kovu ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole, sihisi. Na ndani ilikuwa hivyohivyo. Chakula nakula kwa sababu kimeletwa. Baiskeli zinasubiri, sina haraka nazo. Nilikaa kibarazani kwenye kiti cha kamba tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama, natazama bodaboda zikipita, na mtu angeniuliza nimeona nini nisingemjibu.

Kila wiki mke wangu ananiuliza, mtoto tunampeleka lini? Namjibu, tutaona. Msidhani nilikuwa naogopa. Heri ningeogopa. Binti anarudi jioni, miguu imejaa vumbi la uwanjani, ananiambia, baba, tumewafunga. Namwambia, vizuri. Najua kabisa daktari alisema nini. Namtazama anavyohema pale mlangoni, na moyo hauniendi mbio. Tutaona. Miezi minne nilisema hivyo.

Sasa sikilizeni hapa. Nina jirani, mama wa Kigogo, anakaanga karanga na kuuza pale kwenye kona. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao wakiomba maji. Huyu mama alinitania miaka yote. Nilipopasuliwa akanyamaza, akawa ananisalimia kwa adabu kama mgeni. Nikasema huyu naye ameona hapa hakuna mtu wa kutaniwa.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nimetoka chooni namkuta kwenye kiti changu. Amevaa ovaroli yangu ya kazini, imeganda grisi, na khanga amejifunga kiunoni. Amekaa vile ninavyokaa mimi, mdomo wazi kidogo, macho barabarani. Watoto wa jirani wanacheka. Halafu akaanza kulia, kile kilio cha msibani chenyewe, mikono kichwani. Watu wakaanza kusogea.

Mimi nikabaki nimesimama. Desturi mnaijua. Mtani hulia msibani, huvaa nguo za marehemu, huigiza alivyotembea na alivyosema, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Lakini marehemu ndiye mimi, nimesimama pale na kopo la maji mkononi.

Akasema, "Marehemu alikuwa fundi hodari. Walimpasua, wakamshona, akarudi, akafia kwenye kiti hiki na hakuna aliyeona. Ameacha mjane na binti mmoja. Binti naye msimlilie leo, subirini muwalilie pamoja, maana baba yake amesema tutaona."

Wapendwa, sijui kopo lilikwenda wapi. Nilimfokea. Nilimwambia asimtaje mwanangu, atoke kwangu, avue nguo zangu. Nilipiga kelele mpaka kifua kikauma pale kwenye mfupa, nikashika nguzo. Ilikuwa miezi minne sijapandisha sauti. Yule mama hakuondoka hata hatua. Aliacha kulia, akajifuta uso kwa pindo la khanga, akanitazama.

Akasema, "Kumbe maiti anasikia."

Nikakaa chini pale pale, kwenye matope ya yale maji. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye nikajua ndiye aliyemwita. Alikuwa ameishiwa mbinu, mchungaji mlimtuma akaja, wazee mliwatuma wakaja, nami nikawa vilevile, akabaki na mtani. Na kwa kuwa mtu hamfokei mtani, nilitozwa faini. Jogoo. Yule mama alimchagua mwenyewe, mkubwa kuliko wote, na alivyo hana haya akaniomba nimshikie miguu wakati anamfunga.

Wiki iliyofuata tukapanda basi, mimi na binti, kwenda kupima. Akalala, akapakwa mafuta, mimi nikasimama pembeni. Daktari akarudia kipimo mara mbili, kisha akatuambia. Misuli imeanza kunenepa. Kidogo, imewahiwa. Dawa kila siku, kipimo kila mwaka, na kukimbia basi, netiboli basi.

Tukatoka kwenye korido. Binti hakuuliza habari za kufa. Aliuliza, "Baba, na mechi ya Jumatano?"

Hapo nililia. Nililia kwenye benchi mbele ya wagonjwa na wauguzi, mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso yake. Iliuma, ndugu zangu, iliuma kuliko kifua. Na binti yangu akakaa karibu nami, naye akalia, yeye akiililia mechi.

Simalizi kwa kusema nimepona yote. Zipo siku naamka na sina kitu ndani, nakunywa dawa, nakwenda kibandani, narekebisha baiskeli za watu. Lakini nahisi vidole vikichomwa na spoku, na hilo nashukuru. Nawashukuru madaktari. Nawashukuru ninyi kwa nyimbo ambazo sikuzisikia na kuku ambao sikuwaonja. Mke wangu, asante, hukuchoka. Mtani yuko pale nyuma, naye asante, ila jogoo yule alikuwa mkubwa mno. Na kwa yule mzee wa Igalula nilikwenda mwezi uliopita. Nikampigia magoti nikamwomba radhi. Ameitikia.

Sasa neno langu ni hili. Kama kwenu kuna mtu aliyeanguka ghafla akafa, acheni kutafuta jirani wa kulaumu. Wapelekeni watoto wakapimwe, na mwende wiki hii. Mimi nilisema tutaona miezi minne, na miezi yote minne binti yangu alikuwa uwanjani, anakimbia.