Aliyesimama Upande wa Kulia: Sulaimani Nasur Rajab, 1959–2025

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, marehemu Mzee Sulaimani Nasur Rajab alitia saini taarifa ya kiapo ya kurasa mbili katika ofisi ya wakili mjini Kampala. Nakala yake imo mahakamani. Ndani yake alieleza alichokiona kwenye mwili wa kijana mmoja aliouosha. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameosha maiti kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kusema neno juu ya hata mmoja.

Alizaliwa Bombo tarehe 12 Aprili 1959, mtoto wa tatu wa Mzee Nasur Rajab na Bibi Jamilah. Wazee wa ukoo waliletwa Uganda kutoka Sudani wakiwa askari, na kwa watu wengi habari ya Wanubi huanzia na kuishia hapo. Marehemu hakushika bunduki maishani mwake.

Alisoma shule ya msingi Bombo, kisha chuo cha ufundi. Alikuwa amebakiza muhula mmoja serikali ya kijeshi ilipoanguka, Aprili 1979. Majirani waliokuwa wakila nao sikukuu walianza kuwaita watu wa utawala ule, na familia ikakimbilia Nairobi. Huko Kibera alijifunza kuchomelea vyuma, na huko aliitwa Mganda. Aliporudi Kampala mwaka 1988 na Kiswahili chake, lugha ya jeshi huko, Waganda walimwita mwanajeshi.

Alifungua karakana Katwe mwaka huohuo, akatengeneza milango, madirisha, sigiri za makaa, na vitanda vya chuma vya kuoshea maiti ambavyo misikiti kadhaa ingali ikivitumia. Jina la afande lilimfuata hadi mwisho. Fundi jirani anakumbuka mteja mmoja aliyefika amefura.

"Afande, mlango yangu iko wapi? Wiki mbili sasa!"

"Afande ni nani? Mimi nakamata wezi kabla hawajaingia. Kesho unachukua, mama."

"Kesho yako naijua, ssebo. Ina siku kumi na nne."

Mlango ulikuwa tayari kesho yake. Alikwenda kuupachika mwenyewe, na hakudai nauli.

Tarehe 16 Julai 1993 alimwoa Bi Hindu, binti wa Mzee Mansur, mwalimu wa madrasa hapa Kibuli, wa familia iliyofika na wafanyabiashara wa pwani. Mzee Mansur alichukua miaka miwili kukubali.

"Nimeambiwa babu zako walikuwa askari," alimwambia.

"Nami nimeambiwa babu zako walipima kitambaa kwa mkono mfupi."

Mzee Mansur alicheka hadi akavua kofia, kisha akataja tarehe ya ndoa. Mwaka uliofuata alianza kumfundisha mkwewe kazi ya kuosha. Utaratibu wake ulikuwa mkali. Waoshaji ni wawili. Mmoja husimama kulia, mwingine kushoto, shuka imefunika mwili, na kila mmoja huosha upande wake bila kuinua macho kutazama wa mwenzake. Wakitoka nje hawasimulii. Mzee Mansur alipofariki, marehemu alibaki upande wa kulia, na upande wa kushoto akasimama Bwana Jafar, muuza viungo wa Kibuli, rafiki yake wa miaka ishirini.

Jumamosi tarehe 22 Machi 2025, katika mwezi wa Ramadhani, wawili hao waliosha mwili wa Shakib, mlinzi wa miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee wa Bi Maimunah. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilieleza kwamba alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini Ntinda. Marehemu aliona alama ya kamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na jeraha nyuma ya sikio la upande huohuo. Waliosha, wakavisha sanda, wakaondoka kimya.

Baada ya arobaini, Bi Maimunah alimfuata Katwe.

"Mzee Sulaimani, mwanangu ulimwonaje?"

"Uso wake ulikuwa mzuri, mama."

"Uso nilimzaa nao. Nakuuliza mengine."

Alirudi mara tatu. Marehemu alikwenda kwa masheikh wawili. Wa kwanza alimwambia kwamba mwoshaji hufunika, basi. Wa pili alimwambia kwamba kinachofunikwa ni aibu ya maiti, na alama ya kamba si aibu ya aliyefungwa. Alikaa na majibu hayo mawili kwa siku tisa, kisha akaenda kwa Bwana Jafar dukani kumwomba waende kwa wakili pamoja.

"Wewe ulishika mkono wa kulia," Bwana Jafar alijibu. "Mimi nilishika wa kushoto. Usiniapishe kwa upande wako."

"Basi apa kwa wako."

"Upande wangu haukuwa na kitu."

Marehemu alikwenda peke yake, na kwa taarifa hiyo Bi Maimunah akaishtaki kampuni ya ulinzi. Kuanzia Julai, hakuna familia iliyomwita tena kuosha. Wengine walisema amemvua maiti nguo mbele ya watu. Wengine walisema Mnubi hakosi kujua mambo ya kamba. Bi Maimunah alisema ndiye mtu pekee aliyemwona mwanawe.

Mwezi wa Septemba mtu mmoja mwenye pikipiki alianza kuegesha mkabala na karakana. Hakubeba abiria. Fundi jirani alipomuuliza anamsubiri nani, alijibu, "Yule mzee anayeona sana." Wanaume wawili walifika kuulizia bei ya geti, hawakupima, wakaulizia saa anayofunga. Marehemu alimwambia mkewe habari hizi mara moja tu, kisha akaendelea kwenda kazini.

Alikuwa na shinikizo la damu tangu 2019, na alitumia dawa zake kwa utaratibu. Jana, Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa nane mchana, alikutwa sakafuni katika karakana yake. Hati ya hospitali inasema alipigwa na umeme. Fundi wa karakana ya upande wa kulia anasema umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita. Muuza vyuma wa ng'ambo ya barabara anasema redio ya dukani kwake, ya umeme, ilikuwa ikiimba wakati wote. Wazee wa ukoo hawakutaka mwili upasuliwe, na Bi Hindu aliwakubalia. Kilichobaki ni macho ya waliomwosha.

Ameoshwa leo asubuhi hapa nyumbani na mwanawe Fahim na Bwana Jafar. Bwana Jafar aliomba asimame kulia. Walipotoka, kila mmoja aliingia chumba chake, akaandika alichokiona bila kuzungumza na mwenzake, na bahasha zote mbili zimefungwa kwa gundi. Kisha Bwana Jafar alikaa chini mbele ya Bi Maimunah.

"Mkono wa kushoto wa Shakib nao ulikuwa na alama," alisema. "Niliogopa."

Ametuomba tuliseme hapa, mbele ya watu wote, lisibaki kwake peke yake. Wakili alikwisha kueleza kwamba bila shahidi wa pili kampuni ingeomba kesi ifutwe.

Marehemu ameacha mjane, Bi Hindu, watoto watatu, Sundus, Fahim na Shifa, wajukuu wanne, na dada yake, Bibi Adija, aliyeko Bombo. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampe utulivu ambao mwaka huu hakuupata.

Pikipiki iliyokuwa Katwe imeegeshwa tangu saa mbili asubuhi ng'ambo ya lango hili. Jeneza litatoka baada ya sala ya Ijumaa kwenda Bombo, na Bwana Jafar atasafiri katika gari la familia. Usiku wa leo, kesho na keshokutwa atalala katika nyumba hii. Jumatatu tarehe 24 Novemba, saa mbili asubuhi, bahasha zitafunguliwa mbele ya wakili. Saa tatu kesi itaitwa, na Bwana Jafar atatoa ushahidi.