Firyal Tawadrus Ghattas na Nafasi ya Kugeuka

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, tunayemlaza leo ni Firyal binti Tawadrus Ghattas, mama yangu mzazi. Mimi ni Nivin, mwanawe wa kwanza. Kazi ya kuusoma wasifu huu alinipa mwenyewe, kwa sharti kwamba nisilifiche lile jambo la maboksi, maana nusu ya mtaa inalijua na nusu nyingine imeshajikwaa juu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 mjini Mallawi, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani Tawadrus Ghattas na Bi Zahiya. Walilala wote watano kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyepangiwa upande wa ukutani. Alipenda kutuhadithia kwamba kugeuka usiku kulihitaji makubaliano. Mmoja akisema "Haya, kulia!" wote waligeuka kulia, na asiyetaka aligeuzwa. Alisema tangu utotoni alimwomba Mungu kitu kimoja tu, kitanda ambacho angegeuka bila kuomba ruhusa. Ombi hilo lilichelewa kujibiwa, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa ni kosa lake mwenyewe, na langu.

Alisoma Mallawi, kisha akahitimu stashahada ya biashara mjini Minya mwaka 1967. Januari ya mwaka uliofuata alipata kazi Kairo katika duka kubwa la serikali, sehemu ya vyombo vya nyumbani, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2009. Aliweza kuifunga glasi kwa karatasi ya gazeti ikasafiri hadi Aswan bila ufa. Makreti yakifika ghalani, yeye alikuwa wa kwanza kujua kuna nini ndani, na kwa mtu mwenye donda kama lake, hiyo ilikuwa sawa na kumweka fisi alinde bucha.

Donda lenyewe alilipata kwenye ndoa. Tarehe 5 Oktoba 1975 alifunga ndoa na Adli Bishay, fundi wa taa za ishara za reli, mtu mpole aliyeongea kidogo. Kama mnavyojua, vyombo vya bibi harusi hupelekwa kabla ya arusi, na wanawake wa upande wa bwana huja kuvitazama. Mama alikuwa na sahani sita. Bibi yangu mzaa baba alizitazama, akafungua kabati, akalifunga, akauliza mbele ya watu wote: "Jamani, tumeletewa bibi harusi au mgeni wa chakula cha mchana?" Wanawake walicheka. Mama naye alicheka, kwa sababu angefanyaje? Lakini aliapa moyoni kwamba akizaa binti, hakuna mtu atakayemcheka.

Nilizaliwa mwaka 1979. Siku ya saba, kabla sijapewa jina, nilishakuwa na seti ya sahani. Nilipoanza shule nilikuwa na sufuria za ukubwa saba, mablanketi manne na mashine ya kusaga nyama. Mdogo wangu Samih, aliyezaliwa miaka minne baadaye, alipewa mpira. Likaja kabati la vioo, lile tunaloliita nishi, ambalo mafundi waliliunganisha humo humo sebuleni, likajazwa vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu, na kufuli likapigwa. Maboksi yaliingia chini ya vitanda, yakapanda juu ya makabati, yakateremka koridoni. Baba alikuwa akiingia chumbani ubavu ubavu. Siku moja alisema, "Firyal, treni ina njia pana kuliko mimi." Mama akamjibu, "Treni haina binti wa kuozesha." Mambo yakaishia hapo, kama kawaida yao.

Mwaka 2006 nilichumbiwa na Bwana Raouf, mhandisi. Mwaka uliofuata alikwenda Australia kututafutia maisha, akayapata, akayaishi na mtu mwingine. Sikulia sana. Niseme ukweli mbele ya jeneza hili: nilihisi nafuu. Lakini mama alilia, nami nikaona kumwambia kwamba nina nafuu kungekuwa kama kumwaga machozi yake chooni. Nikanyamaza. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na mimi ndiye niliyeshika kitasa.

Baba alifariki Septemba 2011. Mfungo Mkuu ulipokaribia, Abuna Daniyal, kasisi wetu, alimshauri mama kwamba safari hii, pamoja na nyama na maziwa, afunge pia maduka.

"Abuna, nyama nitaacha, maziwa nitaacha. Lakini shuka zikishushwa bei?"

"Hasa zikishushwa bei, mama yangu."

Alinung'unika kwa wiki moja. Kisha akafunga siku zote hamsini na tano, na Pasaka ilipofika mfungo wa maduka hakuufungua. Kuanzia hapo hadi kufa kwake hakununua kitu chochote kisicholiwa wala kumezwa kama dawa. Alikuwa na magauni mawili, na viatu vyake vilishonwa mara tatu. Alijifunza kupita mbele ya vioo vya maduka akihesabu rozari ya "Bwana nihurumie" kwa vidole, na alisema mtaa wa nguo ulimchukua mara arobaini na moja. Mezani tulikula kwa sahani mbili zilizomeguka ukingo. Nyuma ya mgongo wake zilikuwepo sahani sabini na mbili ambazo hazijawahi kuona maharage. Kuacha kununua aliweza. Kuvitoa vilivyokwisha kununuliwa ndiko kulikomshinda, kwa sababu kutoa boksi moja kulikuwa sawa na kutangaza dirishani kwamba Nivin hataolewa. Aliogopa kuniumiza. Akiba haiozi, watu husema, ila nondo wa mablanketi yetu hawakuwa wamesikia hilo.

Alijaribu mara moja. Tarehe 20 Novemba 2014 alikodi gari la mizigo bila kuniambia, nikiwa kazini duka la dawa. Alitaka vitu vyote vipelekwe nyumba ya wasichana yatima wanaolelewa na kanisa, ambao nao wana arusi zao. Nia njema kabisa. Kosa lake lilikuwa siku. Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku tano mfungo wa Noeli uanze, wakati kila mwenye bibi harusi anakimbizana kumwozesha kabla arusi hazijasimama. Angengoja wiki moja tu, hakuna Mkristo wa Shubra, mtaa wetu, ambaye angedhani gari lile ni la arusi. Godoro lilipowekwa juu ya gari, kigelegele cha kwanza kilitoka roshani ya ghorofa ya pili, kwa jirani yetu Mama Ramzi.

"Firyal! We mwizi! Unamtoa Nivin kimyakimya, hata sisi wa mlango mmoja hatujui?"

"Mama Ramzi, ngoja kwanza nikwambie..."

"Ningoje nini na godoro liko juu ya gari? Nipige vigelegele au nisubiri mjukuu?"

Akamwaga chumvi ya kuzuia kijicho, nusu ikamwingia dereva machoni. Roshani nyingine zikaitikia. Nilipotokea kwenye kona na mfuko wangu wa ta'miya, bajia zetu za maharage, za moto, mtaa mzima ulinipigia makofi. "Bwana ni nani? Jina la kwanza tu!" Nilimwona mama amesimama kando ya gari, mkono kifuani, amebanwa pande zote na watu wanaompenda. Dereva akauliza, "Mama, twende au tushushe?" Alinitazama mimi. Nami, ili nimwokoe, nikasema kwa sauti: "Tushushe tu. Nyumba ya bwana haijakauka rangi."

Mama akasema, "Shusha."

Basi vikarudi juu, boksi moja moja, ghorofa nne. Tangu siku hiyo tulikuwa na maboksi, na bwana harusi asiyekuwepo, na nyumba yake isiyokauka. Kila Pasaka Mama Ramzi alikuwa akiteremsha kikapu chake kwa kamba nikiwa napita chini, na kabla hajaniagiza limau aliuliza, "Nivin, rangi imekauka?" Nami nilijibu, "Bado, shangazi, unyevu." Mama alidhani nilisema lile neno kwa sababu bado nina tumaini. Mimi nilidhani alishusha vitu kwa sababu bado analo yeye. Tuliishi hivyo miaka tisa, watu wawili katika njia ya kupita mmoja, tukipishana kwa kuinua mikono. Alilala ukingoni mwa kitanda, ukutani tena, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa na seti ya mablanketi. Nilikuwa namsikia usiku akitaka kugeuka na kushindwa. Ninajuta kwa kila usiku wa miaka ile.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Tarehe 21 Agosti mwaka huu wa 2023 alikosa pumzi. Vijana wa gari la wagonjwa walifika upesi, lakini machela haikupita koridoni. Walijaribu kuilaza, kuisimamisha, kuipinda. Mwishowe walimweka mama kwenye kiti cha jikoni na kumpitisha juu ya maboksi, wakipokezana. Mmoja wao, jasho likimtoka, aliuliza, "Mama, hapa ni nyumbani au ni dukani?" Mama, asiye na pumzi ya kunywea maji, alijibu, "Ni kwa bibi harusi." Kijana yule alizitazama nywele zangu zenye mvi, akainamisha macho.

Siku ya nne hospitalini aliniita karibu.

"Nivin, wakinirudisha, watanipitisha wapi?"

"Nitasogeza maboksi, mama."

"Utasogeza wapi? Miaka arobaini tunayasogeza." Akapumzika kidogo. "Niambie ukweli, mwanangu. Bado unangoja?"

"Mimi? Mama, sijawahi kungoja. Raouf alipoondoka nilipumua."

"Na ile rangi?"

"Rangi niliisema kwa ajili yako. Ulikuwa umenitazama kama mtu anayezama."

"Nilikuwa naogopa umevunjika moyo! Ndiyo maana nikashusha!"

Tulitazamana. Alianza yeye kucheka, nikafuata, hadi muuguzi akaja kutugombeza. Mama alijifuta macho akasema, "Miaka tisa, Nivin. Ghorofa nne." Kisha akalia kweli, na mimi pia. Hatukulia kwa sababu ya kuolewa. Tulilia kwa sababu mlango haukuwa na kufuli, na tulikaa ndani.

Jioni ile nilimpigia Mama Ramzi nikamwambia hakuna bwana, hakuna nyumba, hakuna rangi.

"Binti yangu, wewe unadhani tuna macho ya vifungo? Rangi gani ya miaka tisa? Nilikuwa nakuuliza kila Pasaka ili nikupe nafasi ya kusema."

"Kwa nini hukusema wewe, shangazi?"

"Niseme mimi? Mama yako ndiye aliyeshusha. Ningemwaibisha vipi?"

Kesho yake wanawake wa jengo letu waliteremsha vitu vyote. Sahani, sufuria, na mablanketi yaliyosalimika yakaenda kwa wasichana wale yatima, na watatu kati yao wataolewa kabla ya mfungo ujao. Gari lilipoondoka hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Ramzi peke yake alipanda juu, akasimama katikati ya korido, akanyoosha mikono yote miwili bila kugusa kitu, akapiga kigelegele kimoja. Alisema hicho ni cha korido.

Mama alirudi tarehe 2 Septemba, akapita kwa machela, amelala, miguu mbele, kama malkia. Chumbani kulikuwa na kitanda, kiti na ikoni ya Bikira. Usiku wa kwanza nilimsikia akigeuka kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Nilidhani anaumwa, nikaenda mlangoni. Akasema gizani, "Usije. Nacheza." Aliishi hivyo siku thelathini na saba. Zilikuwa chache mno, na sitajifanya kwamba zilitosha.

Kitu kimoja kilibaki. Nishi haikutoka, kwa kuwa iliunganishwa ndani na milango yetu haiipitishi. Ufunguo wake alikaa nao chini ya mto. Alinipa tarehe 8 Oktoba, akaniambia: "Watu watakuja kunywa kahawa chungu ya matanga yangu. Wape katika vile vikombe. Na mtu asirudishe kikombe. Wewe nakujua, ukirudishiwa utavitunza." Alilala katika Bwana alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2023. Tulimkuta katikati ya kitanda, amelala ubavu wa kulia.

Ameniacha mimi Nivin. Mwanawe Samih, mkewe Sausan, na wajukuu wawili, Yustina na Kirolos, wa Tanta. Dada yake Balsam wa Mallawi. Na Mama Ramzi, ambaye tumemwandika kati ya ndugu kwa amri ya marehemu.

Tukitoka hapa, karibuni nyumbani, ghorofa ya nne. Piteni wawili wawili, korido inatosha. Mkimaliza kahawa, kifuteni kikombe, mkitie mfukoni, muondoke nacho. Vipo arobaini na vinane, na mimi nitasimama karibu na nishi hadi cha mwisho kiondoke.

Mama, geuka utakavyo. Upumzike kwa amani, pasipo na ukuta.