Umeme wa Binti wa Fundi Dishi

Benchi letu liko kati ya saluni ya Kinyozi na duka la matairi chakavu la Profesa, ambaye uprofesa tulimpa sisi wenyewe kwa sababu ya mdomo wake. Birika la kahawa likifika, kazi zinasimama. Fundi Dishi, aliyefunga madishi ya televisheni mtaa mzima, hukaa pembeni, simu mapajani. Binti yake yuko ng'ambo, anabuni namna ya kushusha umeme wa jua kutoka angani. Leo katuchezea tena sauti yake. Hatumkatalii, maana atanuna mpaka jioni.

"Baba, paneli zitakaa juu huko, jua halizami. Umeme tunaugeuza mawimbi ya maikrowevu, tunaushusha kama mwale mmoja. Kazi yangu ni kuulenga. Ila kituo cha chini lazima kitume ishara kwanza. Kikinyamaza, mwale haujui pa kushukia, unatawanyika bure. Haya baba, nimekukumbuka sana."

Fundi akapangusa kioo cha simu kwa shati.

KINYOZI: Si ndiyo yale yanayopasha chakula? Kunguru akikatiza, anashuka ameiva!

FUNDI: Acha hizo. Mwale unatandazwa uwanja mzima, mpole kuliko jua la mchana.

PROFESA: Mpole leo. Kesho mkubwa mmoja anauvutia kwake, unamkaushia nguo na kumuotesha nywele.

KINYOZI: Nywele? Hapo naunga mkono!

PROFESA: Na mwezi ukipita katikati? Shoti! Dunia nzima giza.

FUNDI: Chekeni tu. Mimi namtaka mwanangu. Simu ikilia moyo unaruka, kumbe mteja.

PROFESA: Atapiga. Mzazi hapigi kwanza.

FUNDI: Ndiyo hivyo. Dishi halimtafuti mtu. Ukishalielekeza vizuri, unatulia, unapokea. Basi nimetulia.

Kando yetu alisimama mama mmoja, mgeni mtaani, kaja na king'amuzi kilichokufa.

— Samahani kaka, huo ujumbe ni wa lini?

— Kabla ya mvua kuanza.

— Mvua hizi zilizokwisha?

— Hizo hizo.

— Ukamjibu nini?

Fundi Dishi akapekua simu; chini ya sauti ile hapakuwa na jibu lake hata moja. Alimtazama Profesa, Profesa akatazama kikombe chake. Sauti ile tumeisikiliza sote mpaka tumeikariri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.