Chuma cha Sericho

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Ganya, kaa mbele, wewe ndiye mkubwa. Chachu, zima hiyo simu. Abiba, mama, acha kunifuta mate, yaache yateremke, huu upande wa uso umekufa na hauoni aibu. Msinikatize, maana nikinyamaza sijui kama nitaanza tena.

Mnajua ugonjwa wangu ni wa tezi la mate, hapa chini ya sikio. Mnajua daktari wa Nairobi alikata akatoa alichoweza, akaacha kilichoshikana na neva ya uso, akasema miale ya kawaida haitatosha, ila huko Japani kuna mashine inayorusha chembe nzito, ambazo hupita kwenye nyama bila kuiumiza sana, na zikifika penye uvimbe zinatua hapo na nguvu zake zote. Abiba akaandika barua, akatuma picha, akanitafutia pasipoti, mimi mzee ambaye sijawahi kupita Mombasa. Jibu mmelisikia: wangenipokea, lakini ugonjwa umeshashuka kwenye mapafu, na mashine yao haiwezi kufukuzana na kitu kilichotawanyika.

Tangu siku hiyo mnamnunia dada yenu. Mnasema yeye ndiye alinipeleka kwa kisu, na kisu ndicho kilichouamsha ugonjwa. Basi sikilizeni nililoficha.

Miaka minne iliyopita uvimbe huu ulikuwa kama punje ya mahindi. Abiba aliugusa akasema, Aba, twende hospitali. Nikamwambia naenda Sericho kuangalia ngamia. Ngamia niliwaona kweli, lakini nilienda pia kwa rafiki yangu Abass, ambaye nimechoma naye mifugo tangu ujana, nikamtaka anichome kwa chuma kama tunavyomchoma ngamia aliyevimba shingo. Alikataa. Nikamwita mwoga mbele ya wake zake mpaka akakiweka chuma motoni, kwa hiyo asisumbuliwe na mtu. Kidonda kilipofunga nikajiona nimepona, nikalifunika kovu kwa kilemba miaka mitatu, na kila Abiba alipouliza nilimfokea kwamba hawezi kunifundisha mwili wangu. Daktari naye nilimdanganya, nikasema kovu ni la utotoni. Alinieleza kwamba ugonjwa wa aina hii hutembea polepole, ukiuwahi unaukuta bado nyumbani kwake. Mimi niliuachia miaka mitatu ya kutembea. Habari hii imenichosha kuibeba kuliko maumivu yenyewe.

Sasa mali. Msiuze ngamia hata mmoja kunipeleka popote. Gawaneni kwa sheria, sheikh wetu hapa Wabera atawaongoza, lakini wale wa handura, ngamia niliompa Abiba siku kitovu chake kilipokatwa, pamoja na uzao wao wote, hawaingii kwenye mgao. Ni wake tangu siku ile, na nyinyi mmekunywa maziwa yao miaka yote mkisema ni yenu. Shamba la Burat lisiguswe mama yenu akiwa hai. Na mtu wa nyumba hii akiota uvimbe, hata mdogo, aende hospitali kabla ya kuita mwenye chuma, na Abiba ndiye atasema hospitali gani.

Ngojeni... nipumue. Mungu awape mvua, mifugo yenu irudi boma ikiwa imeshiba, watoto wenu wawazike nyinyi, wala msiwazike wao.

Bado moja. Abiba, nilikufokea ukiwa na haki, kisha nikanyamaza ndugu zako walipokulaumu, kwa sababu niliogopa waniulize. Nisamehe, mama. Mimi nimeshasema. Ganya, sasa ni wewe. Usiangalie chini, mwangalie yeye. Sema, mwanangu... haraka kidogo... nataka kusikia.