Fanueli Shemhilu, Mtunza Ubao wa Matangazo

Shikamooni wazee, poleni nyote, nanyi wa nyuma ya turubai naomba mnyamaze kidogo na watoto wapakatwe, maana anayewasomea ni mke wa marehemu, Loyce, ambaye haendi haraka, anafuata kwa kidole, na maneno yote haya kayaandika mwenyewe.

Fanueli Shemhilu alizaliwa Mlalo tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mzee Danieli na mama Secilia, akasoma hapohapo misheni mpaka darasa la nane, akamaliza mwaka 1963 akiwa wa kwanza kwa mwandiko.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa ukarani shamba la chai, akaoa tarehe 9 Oktoba 1971, wakajaliwa Kristian, Eliza na Esta, na mkewe akaingia kuchuma chai shamba hilohilo mwaka 1972, hajui a wala be.

Mwaka 1974 marehemu alikabidhiwa ubao wa matangazo, ule wa kioo na kufuli nje ya ofisi, na habari zote za kampuni zilipita hapo tu. Kabla yake karatasi ilibandikwa juu ya karatasi, mpaka tangazo la likizo likafunika la msiba. Yeye akaweka utaratibu, kila tangazo na tarehe yake, linakaa siku saba, ya nane linaingia faili, na wageni kutoka Tanga walikuja kuusifia.

Mwaka 1997 shamba likauzwa kwa mwekezaji, na tarehe 4 Agosti Fanueli akabandika kwamba mchumaji anayetaka kuendelea aweke dole gumba ofisini kabla ya tarehe 11, asiyekuja amejiachisha kazi. Wasiojua kusoma walimwomba awasomee, akawajibu, "Kazi yangu kubandika. Macho mnayo, au ni ya kulilia tu?" Loyce hakumwomba, alijua la kumhusu angeambiwa nyumbani, na asubuhi zote saba mumewe alimtuma akafute kioo cha ubao, akakifuta mpaka akauona uso wake juu ya karatasi yenyewe.

Tarehe 12 waliachishwa watu sitini na watatu, Loyce akiwemo, na miaka yake ishirini na mitano ya kuchuma. Alipouliza, "Baba Kristian, ulilijua?" marehemu alijibu huku anakula, "Nimebandika mimi, umefuta vumbi wewe, sasa ulitaka nikupendelee, wenzako waseme nini?"

Januari 1998 Loyce akaanza kisomo cha watu wazima, dawati moja na mzee Shabani aliyekuwa mlinzi, na marehemu akawa anawapokea mlangoni, "Karibuni maprofesa!"

Sukari ilimwanza mwaka 1999, ikampofua macho mwaka 2002, akawa anasomewa Zaburi na mkewe, na kila mkewe alipokwama kwenye neno marehemu alicheka, neno hamwambii. Tarehe 3 Februari 2004, saa nne asubuhi, Loyce alikwama, akasubiri kicheko, hakikuja.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani walioleta kuni na maharage, wafanyakazi wenzake wa ofisini, na wale walioachishwa kazi pamoja na Loyce, ambao wamekuja ishirini, wakamchimbia kaburi bila kuombwa.

Lala salama, Fanueli, amani ya Bwana ikufunike.

Loyce anaomba ruhusa ashuke. Msalaba bado mtupu, kwa hiyo Jumapili atarudi hapa na brashi na rangi, na jina la marehemu ataliandika yeye.